Vibao vya kuzuia joto na baridi kwenye kuta za nje: vinafaa nyumba ya zamani?

Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, mfumo huu wa kugandisha vibao nje ya ukuta na kuvifunika kwa wavu na plasta tunauunga mkono. Vyumba havipungui hata sentimita, na wenye nyumba hawalazimiki kuhama wakati wa kazi. Ukuta wa tofali wa milimita 220 hupitisha takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti ya joto. Ukivishwa polistirini (povu gumu jepesi la plastiki) ya milimita 100, hushuka hadi kama 0.3.

Kasoro nyingi hutoka kwa fundi, si kwenye bidhaa. Gundi izunguke kingo zote nne za kibao, na madonge katikati, ishike angalau asilimia 40 ya eneo lake. Madonge peke yake huacha hewa ipenye nyuma. Vipande vya wavu unaozamishwa kwenye plasta vipishane milimita 100, na kila pembe ya dirisha iongezewe kipande cha mshazari, la sivyo plasta itapasuka kwenye pembe hizo. Kuta za ndani ya uwazi wa dirisha nazo zivishwe, hata kwa milimita 20, maana zikiachwa baridi hupita na ukungu huota ndani. Ukuta wenye unyevu ukaushwe kwanza. Kwa majengo marefu chukua vibao vya pamba ya mawe (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) badala ya polistirini: ni nzito na ghali zaidi, lakini haiwaki.