Kitelezi chenye mota: chombo kizuri, programu ya aibu

"Papa, mashine haitetemeki, ni mkono wako." Ndilo jibu la muuzaji mmoja hapa Birere, Goma, macho yote kwenye simu. Angeangalia kitelezi alichoniuzia angeona: ukitoa kidole, kinatetemeka zaidi. Mkono ndio unaokituliza!

Kifaa chenyewe ni kitelezi cha mikisa (kile kitufe cha kuteleza kwenye mashine ya kuchanganya sauti) chenye mota, Arduino Uno (kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu) na dereva ya L298N inayoipa mota umeme, kwa wazo la FireFader, kitelezi cha namna hiyo ambacho Edgar Berdahl na Alexandros Kontogeorgakopoulos waliwaachia watu wote michoro yake. Unasukuma, nacho kinakusukuma, kama uzi wa gitaa uliokazwa.

Kinachoniudhi ni kwamba kutetemeka kote kunatoka kwenye mstari mmoja wa programu. Programu ambayo wauzaji wamekitia ina Serial.println (amri ya kutuma namba kwenye kompyuta) ndani ya loop, yaani sehemu inayojirudia bila kukoma, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi inakula karibu milisekunde 1, na namba moja ya mahali kitelezi kilipo, pamoja na mwisho wa mstari, ni hadi herufi 6. Basi nguvu ya mota inahesabiwa upya mara 160 hivi kwa sekunde, wakati springi ya kuigiza, ile inayokusukuma kidole, inahitaji kama 1000. Nguvu inachelewa, kitelezi kinapita mahali pake, kinarudishwa, kinapita tena. Weka kasi ya 115200, tuma namba mara moja kila mizunguko 10 ya loop, mzunguko mmoja udumu milisekunde 1. Kikitetemeka bado, punguza ugumu wa springi, usiguse volti.

Mota pia inalia kama mbu, na mlio huo nao una dawa. Mota ikiwa kwenye pini 9 au 10 ya Arduino, andika kwenye setup (sehemu ya programu inayoendeshwa mara moja mwanzoni): TCCR1B = (TCCR1B & 0xF8) | 0x01; PWM, yaani kuwasha na kuzima umeme wa mota haraka haraka, inapanda hadi kama 31 kHz (mara 31,000 kwa sekunde), sikio halisikii tena.

Halafu wanakupa adapta ya volti 5! L298N peke yake inameza kama volti 2, na mota inataka 10. Tafuta ya volti 12.

Nilikuwa nimeamua kuandika "msinunue". Lakini kikirekebishwa, jamani, kidole kinasikia uzi kweli, na kwa bei hii sijaona kingine. Nyota nne. Au tatu, maana kasha liko wazi juu na vumbi letu jeusi linaingia kwenye njia ya kaboni inayopima mahali kitelezi kilipo, namba zinaanza kuruka. Hapana, mbili: nimeuliza kifuniko, nikaambiwa nikanunue mfuko wa plastiki.