Themostati iliyozimika usiku wa baridi kali, na kicheko nilichochekwa kwenye simu

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetafuta maoni ya upole apite tu. Ukubwa wa skrini na idadi ya vitufe sitaeleza, hayo yameandikwa kwenye boksi. Nina usiku mmoja na kicheko kimoja cha kusimulia.

Tulikuwa na themostati, kile kifaa cha ukutani kinachoiambia boila ipashe maji ya rediata au iache, ya zamani, ya duara, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa imegeuka rangi ya njano kwa uzee lakini haijawahi kutusumbua. Aliyechoka ni mke wangu, kwa kudamka alfajiri kila siku kwenda kuizungusha ili rediata za kupasha vyumba joto ziwe zimeshika moto watoto wakiamka. Tukakubaliana tununue ya kupangiwa ratiba: usiku nyuzi 16, asubuhi nyuzi 20, mchana ishuke tena watu wakishatoka. Wazo lilikuwa zuri. Hata sasa nasema ni zuri, tatizo langu si wazo.

Kwenye boksi waliandika kwamba inafaa kwa mifumo yote. Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza. Nilipofungua ile ya zamani nikakuta nyaya mbili tu, mmoja kwenye R (umeme unaoingia) na mwingine kwenye W (amri ya kuiwasha boila). Kitabu cha maelekezo kikasema waya wa tatu, wa C, "unapendekezwa". Unapendekezwa! Ni kama daktari akwambie kupumua kunapendekezwa. Nikaziingiza mbili nilizokuwa nazo, skrini ikawaka, nikajiona fundi.

Wiki za mwanzo nilikuwa naisifia kwa kila aliyeingia mlangoni. Kulikuwa na kamlio kadogo tu upande wa boila, tak, tak-tak, nikadhani ni bomba linatanuka. Kumbe ilikuwa inaniaga.

Halafu baridi yenyewe ikaja. Usiku mmoja, kama saa tisa hivi, nimeamshwa na pua yangu mwenyewe, imekuwa baridi kama chuma. Mtoto mdogo alikwishahamia kitandani kwetu na blanketi lake. Nikaenda ukumbini: skrini nyeusi, ubonyeze usibonyeze. Nikashuka kwa boila. Boila nzima kabisa, umeme upo, imetulia inasubiri kuambiwa iwake, na wa kuiambia amekufa.

Nikafungua droo ya vikorokoro, nikatoa ile ya duara. Nikazima swichi ya boila kwanza, nikang'ata tochi mdomoni, nikarudisha nyaya zake mbili huku vidole vimekufa ganzi. Nilipowasha na kuzungusha, boila ikanguruma. Sijawahi kupenda sauti ya mashine namna ile.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Themostati ya namna hii inahitaji umeme muda wote, na kazi ya waya wa C ni kuipa huo umeme. Usipokuwepo, inajiibia kidogo kidogo kupitia njia ileile ya kuwashia boila, inajaza kibetri chake cha ndani. Wizi huo ndio uliokuwa unaitikisa relei ya boila, yaani swichi yake ya ndani, tak-tak. Boila ikiwa imelala, inaiba bila shida. Boila ikiwaka, zile nyaya mbili zimeshaunganishwa, hakuna tena cha kuiba, labda ikate kidogo na kurudisha. Sasa usiku wa baridi kali boila inawaka saa kwa saa bila kupumzika, na kibetri kinakauka. Yaani kifaa cha kupasha nyumba joto kinazimika usiku uleule unapokihitaji kuliko siku zote. Majira ya joto, bila shaka, kingeishi milele.

Asubuhi nikapiga simu huduma kwa wateja. Nimesubiri muziki mpaka sikio likawa moto, ndio joto pekee nililowahi kupata kutoka kwao. Akapokea dada mmoja. Nikamwamkia vizuri, nikaeleza, nikamwambia nina nyaya mbili. Akacheka. Si kucheka kwa bahati mbaya kama mtu aliyekuwa anaongea na mwenzake pembeni, hapana, alicheka jibu langu. "Baba, mbili? Hiyo nyumba ya enzi gani?" Kisha akasema mfumo wangu umepitwa na wakati, kosa si lao, nisome kitabu. Nikamwambia kitabu ninacho mkononi na neno lililomo ni "unapendekezwa". Simu ikakatika. Au ilikatwa.

Nimeshaambiwa maneno makali zaidi ya hayo nikanyamaza. Ila hiki kicheko nakisikia mpaka leo nikipita ukumbini.

Fundi aliyekuja ni mzee mpole, hana maneno. Hakuuliza nyumba ya enzi gani. Akazima umeme wa boila, akavuta ile kebo kutoka ukutani kidogo tu, kama kiganja hivi, akanionyesha: nyaya nyingine tatu zimo humohumo, zimekatwa na kukunjwa nyuma na aliyefunga ya kwanza kwa kuwa ya duara haikuzihitaji. Akachukua mmoja, akaunganisha C huku na C kule kwenye boila. Akaziba tundu la ukutani pia, maana upepo baridi ulikuwa unapenya nyuma ya kifaa na kukidanganya kuhusu joto la chumba. Halafu akaingia kwenye menyu ya mafundi, akabadilisha mizunguko kwa saa, yaani boila iwake mara ngapi kwa saa, kutoka 5 kwenda 3. Tano ni za tanuru la gesi linalopuliza hewa. Boila ya maji ya moto inataka tatu, kwa sababu rediata hupata moto polepole. Akamaliza hata hajaketi.

Ndicho kinachoniuma. Yule dada angesema sentensi moja tu: "Baba, vuta kebo kidogo utazame kama kuna nyaya zimekunjwa." Basi. Ningemshukuru na leo ningekuwa nawasifia hapa. (Na nyaya hizi ni za volti 24. Kama zako zimebeba umeme mkubwa wa nyumba, volti 230, usivute chochote, mwite fundi.)

Tangu siku ile, lazima niseme ukweli, kifaa kinafanya kazi vizuri kupita nilivyotarajia. Kimejifunza nyumba yangu inachukua muda gani kupata joto. Nikitaka nyuzi 20 saa kumi na mbili asubuhi, chenyewe kinaiamsha boila mapema, siku ya baridi zaidi mapema zaidi, na saa kumi na mbili kamili ni 20. Mke wangu halali tena na saa kichwani. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota nne.

Ila angalia ratiba kabla ya kununua. Zipo za 5-2, siku tano sawa na mbili sawa, na zipo za siku saba. Mimi niko kazi ya zamu, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. 5-2 ingekuwa pambo la ukutani. Hata hii ya siku saba mara nyingine nabonyeza tu "shikilia" na ratiba yote inakwenda likizo. Siko peke yangu: Marekani waliziondolea themostati za ratiba alama ya Energy Star, ile ya vifaa vinavyookoa nishati, mwishoni mwa 2009, kwa kuwa ule uokoaji wa nishati uliotarajiwa haukuwa unaonekana majumbani mwa watu.

Mwanzo nilikuwa nimeweka nyota moja. Nilipofika kwenye habari ya asubuhi na mke wangu nikapandisha hadi tatu, nikafikiria nne. Halafu hivi karibuni wamenitumia ujumbe wa kuniomba nipime huduma niliyopata kwenye simu, na majibu ya kuchagua ni "nzuri", "nzuri sana" na "bora kabisa". Nimerudisha moja. Ile ya duara iko kwenye droo ya juu sasa, pamoja na bisibisi na tochi.