Mashine ya kuchomelea ya Sh13,500 na pikapu ya guka: uzoefu wangu

Kisanduku kiliandikwa 250, yaani ampea 250 za kuchomelea, kwa rangi ya njano, kubwa kuliko jina la mashine yenyewe. Muuzaji pale Kirinyaga Road aliigonga hiyo namba kwa kidole mara tatu, kana kwamba nanunua sukari kwa kilo. Nikalipa Sh13,500. Kama wewe pia unafikiria kununua mashine ndogo ya inverta ya kuchomelea nyumbani, mimi nasema nunua, ila ile namba iache hapo hapo dukani.

Nieleze kazi tuliyoifanyia. Marehemu baba yangu, ambaye kijana wangu alimwita guka, yaani babu, aliacha pikapu ya Datsun 1200, iliyobeba kabeji kutoka Limuru hadi Marikiti miaka mingi, ikifika kabla jua halijatoka. Alipofariki ilikaa chini ya mparachichi mpaka kuku wakaifanya yao. Kijana wangu, yuko kidato cha tatu, akaanza kutazama video za magari ambayo Wamarekani huita hotrodi: Ford za 1932 zilizovuliwa fenda na boneti, zikatiwa injini yenye nguvu, zikapakwa rangi ya kuwaka. Vijana wa California walianza mchezo huo kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na siri yao haikuwa pesa. Walichukua gari kuukuu lililopatikana kwa urahisi, wakalipunguzia uzito kila mahali. Jioni moja akaniambia, "Mum, hata ya guka ni gari kuukuu lililopatikana kwa urahisi." Nikakosa la kujibu.

Mpango ulikuwa kutoa injini ya A12 ya cc 1171 na kuweka A15 ya cc 1488. Hizo ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hakuna kukatakata sana. Habari za injini niziache. Kilichotula likizo ya Aprili na nusu ya ile ya Agosti ni kutu. Sakafu ya upande wa dereva ilikuwa imekwisha kiasi kwamba ukikaa uliona viatu vyako, na chini ya viatu, nyasi.

Siku ya kwanza tulichomeka rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuunga, ya milimita 3.2 kwa sababu ndiyo tuliyouziwa, tukapandisha hadi ampea 130, nikagusa chuma. Stima ikaondoka nyumba nzima. Mpangaji wa nyuma akatoka na mswaki mdomoni kuuliza kama ni sisi. Tukarudisha swichi, tukajaribu tena, akatoka tena.

Mimi nilikuwa bado nalaumu nyaya za nyumba wakati kijana aligeuza risiti na kupiga hesabu nyuma yake. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Kwa volti 240, hizo ni wati 3,120. Ili rodi ipate ampea 250 inahitaji volti kama 30, yaani wati 7,500, na hapo hujahesabu zinazopotelea ndani ya mashine. Kwa hiyo hata ikiwa mashine ina uwezo huo, ukuta wako hauna. Tulirudi kununua rodi za milimita 2.5, tukaweka kati ya 70 na 85, na tangu siku hiyo mpangaji wa nyuma amepiga mswaki kwa amani.

Hapo ndipo nilipoipenda. Ni nyepesi, naibeba kwa mkono mmoja. Moto wake umetulia, hautapiki cheche ovyo. Vipande vya chuma kinene, kama vishikio vya injini na fremu ya kiti, vilishika vizuri na havijaachia. Nyuma kuna kibandiko cha maandishi madogo kinachosema asilimia 60, maana yake katika kila dakika kumi uchome sita, uipumzishe nne. Taa ya njano ya joto hatujawahi kuiona ikiwaka, kwa sababu tunapumzika zaidi ya hapo tukibishana.

Vitu vinavyokuja nayo ndivyo vya kulalamikia. Kibanio cha ardhi, kile kinachobana waya wa pili wa mashine kwenye chuma unachochomea, ni cha bati laini, kilichemka mpaka plastiki ikanuka. Tulinunua cha shaba. Ngao ya uso ni ya kushika kwa mkono, na mkono huo unauhitaji. Niliiweka chini mara moja tu, nichungulie kama rodi inashika. Usiku niliamka macho kama yametiwa mchanga na pilipili, nikakaa kwenye kitanda na kitambaa baridi usoni. Kesho yake nilitoa Sh2,500 nikanunua kofia ya kuvaa inayojitia giza yenyewe. Jumlisha hiyo kwenye bei ya mashine kabla hujasema ni rahisi. Kadi ya garantii nayo inadai kisanduku cha awali, na changu kuku walikuwa wamekitagia.

Sasa bati la bodi. La Datsun halifiki hata milimita moja, na rodi ya 2.5 inalitoboa kama sindano kwenye karatasi. Tulishuka hadi rodi za 2.0 na ampea 45, tukaweka kipande cha shaba nyuma ya bati kinyonye joto, halafu tukachoma nukta moja huku, nyingine mwisho kule, ili bati lisijikunje. Kazi hii inataka mtu asiye na haraka. Mimi nachomelea kama ninayekimbilia matatu. Kijana alitazama mstari wangu, akanyamaza kwa heshima, halafu ikamshinda: "Mum, hiyo si weldi, ni siafu waliokufa kwa foleni." Nikapewa grinda. Sijarudishiwa rodi mpaka leo.

Fenda za nyuma zilitushinda wote wawili. Tulizipeleka Kamukunji, kwa mzee anayegonga masanduku ya chuma ya wanafunzi. Alipinda viraka juu ya kipande cha reli, akipima mviringo kwa kiganja tu, na jirani yake akaviunga kwa gesi. Sh1,800. Kama kazi yako yote ni bodi, mpe fundi wa gesi hizo pesa. Mashine hii haitakuridhisha.

Kabla hujachoma kwenye gari, toa waya za betri na ulihamishe tangi la petroli mbali kabisa. Na usichukue mabaki ya mabati ya paa kama kiraka. Kijana alitaka, nikakataa: zinki ikiungua moshi wake unaleta homa jioni, na yale maziwa ambayo mafundi huambiana wanywe hayafiki kwenye mapafu.

Injini inawaka. Bado ukaguzi, na namba ya injini mpya iingie kwenye logbuku, ndipo tuingie barabarani, mimi nikiwa dereva maana yeye ana miaka 16 na leseni ya gari ni 18. Amebakiza nusu pakiti ya rodi za 2.0. Zilipata unyevu, kwa hiyo amezipanga juu ya jiko langu la makaa zikauke, na ameniambia chai nipike kwa gesi.