TAHADHARI: Paneli za "wati 300" na betri za "200Ah" zinazouzwa bei poa Dodoma

Wenye mpango wa kufunga sola nyumbani, kuanzia mjini hadi Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, tafadhali msinunue kwa kusoma stika. Kuna wauzaji wanaopita na seti nzima, paneli, betri, kontrola (inayodhibiti chaji ya betri) na inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani), na namba zilizoandikwa nyuma, yaani wati za paneli na Ah (ampea-saa, ujazo wa betri), ni uongo mtupu.

Mchezo wao ni huu. Muuzaji anaegemeza paneli juani, anachomeka mita, inasoma volti 21. "Si unaona mwenyewe, mzigo mzima huo!" Volti hazionyeshi ukubwa wa paneli, hata ya wati 20 inasoma 21. Dai ampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme. Paneli ya kweli ya wati 300 kwa mfumo wa volti 12 inakaribia ampea 17 kwenye jua kali la saa sita. Hizi zinatoa 5 au 6, yaani wati 100 tu. Kupima, funika paneli kwa turubai, unganisha waya wake chanya na hasi, bana mmoja kwa mita ya kubana inayosoma DC (umeme wa aina ya betri na sola), kisha funua. Ukimaliza funika tena kabla ya kuachanisha, la sivyo waya zitapiga cheche mkononi.

Huna mita, chukua futi. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 hadi 220 hivi. Paneli ya sentimita 120 kwa 54 haina hata mita 0.7 ya mraba, hizo 300 zitakaa wapi? Ya kweli inakaribia ukubwa wa mlango wa chumba. Halafu kwaruza pembe ya stika kwa ukucha, maana nyingine zimebandikwa juu ya stika ya zamani.

Betri ndiyo inayoumiza zaidi. Betri ya jeli ya volti 12, 200Ah, ina kilo 50 hadi 60 kwa sababu ndani ni risasi. Feki zina 30 au pungufu. Kwa mnunuzi wa alizeti au mahindi mizani haikosekani, ipandishe kabla hujatoa hela. Akigeuka kusema ni ya lithiamu, ambayo kweli ni nyepesi, mwulize mbona stika imeandikwa jeli. Betri ndogo kuliko mzigo inakaushwa kila usiku, na betri ya risasi ikikaushwa hivyo haimalizi mwaka. Watu wanamlaumu fundi, wanaongeza paneli, tatizo liko palepale.

Kontrola iliyoandikwa MPPT (aina inayovuna umeme zaidi kwenye paneli) nayo ipimwe wakati betri haijajaa na jua lipo. Volti za upande wa paneli zikilingana na za betri, mfano 13 na 13, hiyo ni PWM, aina ya kawaida iliyo rahisi zaidi.

Risiti ya EFD iandikwe wati na Ah, siyo "seti ya sola" tu. Asipokubali kuziandika, usilipe. Aliyekwisha kuuziwa feki apeleke risiti na picha za stika FCC (Tume ya Ushindani), wanaoshughulikia bidhaa bandia.