Mbao za Kafi za Kujaza Upepo: Tabaka, Gundi na Mishono

Mbao za kupigia kafi mtu akiwa amesimama, zile zinazojazwa upepo kwa pampu, hufanana mno kwa sura zikiwa zimepangwa dukani, ilhali tofauti yenye uzito imo ndani, mahali ambapo mnunuzi haoni. Takriban zote zina kiini cha namna moja: vitambaa viwili vya poliesta, cha juu na cha chini, vilivyofungamanishwa kwa maelfu ya nyuzi zenye urefu sawa, kisha vikapakwa plastiki ya PVC ili visipitishe hewa. Upepo unapoingia, nyuzi hizo hukazana kwa pamoja na kuuzuia ubao usivimbe kama mpira, na ndiyo sababu kitu kilichokuwa kimeviringishwa kama mkeka hugeuka kigumu kiasi cha kumbeba mtu mzima.

Nafasi ya kwanza naipa ubao ambao tabaka lake la pili la PVC limeunganishwa na kiini kiwandani kwa mashine na joto, na ambao mishono yake ya mbavuni nayo imechomelewa kwa joto. Ubao huu ni mwepesi kuliko ule wa tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi, na hautegemei mkono wa fundi aliyeharakishwa. Ikiwa kitambaa cha kiini kimefumwa kwa nyuzi zinazokatana, badala ya zile za vitanzi ambazo huvutika, ugumu wake huzidi.

Wa pili ni ubao wenye tabaka zilizounganishwa vivyo hivyo lakini mishono yake imetiwa gundi. Ni chaguo jema kwa wengi, mradi mishono ikaguliwe kwa makini, kwa kuwa ubao wa aina yoyote huvuja zaidi kwenye mshono kuliko katikati ya sitaha, yaani uso wa juu unaosimamiwa. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa utepe wa mbavuni, kuanzia omoni (mbele) hadi tezini (nyuma): usikute mahali palipoinuka, mkunjo, wala njia ndogo ambayo hewa inaweza kupenya. Gundi haipatani na joto kali, hivyo ubao wa namna hii usiachwe umejaa upepo juani, wala usifungiwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Wa tatu ni ule wa tabaka mbili zilizobandikwa kwa gundi. Hustahimili mikwaruzo ya mawe, lakini ni mzito kuubeba, na mapovu ya hewa yanaweza kujificha chini ya ngozi yake. Ukiyahisi kwa kiganja, uache. Wa mwisho ni wa tabaka moja, mwepesi na wa bei nafuu, ambao naupendekeza tu kwa mtu mwepesi anayekwenda kwenye maji matulivu mara chache.

Unene nao una uzito katika uamuzi. Ubao wa sentimita 15 hupinda kidogo sana kuliko wa sentimita 10 kwa upepo uleule, na mtu mzito akisimama juu ya ule mwembamba, katikati huzama huku ncha zikiinuka. Mbao nyingi huhitaji shinikizo la hewa la PSI 12 hadi 15 (PSI ni ratili kwa inchi ya mraba), yaani karibu baa 1, na mshale wa geji nyingi za pampu za mkono hautikisiki mpaka ubao uwe umekaza, kwa hiyo usidhani geji imeharibika. Pete za kufungia kamba ziwe za chuma kisichoshika kutu, na pezi, lile bapa la chini linalonyoosha mwendo, liwe la kubadilishika.

Kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha, ujaze ubao hadi kiwango kilichoandikwa karibu na vali, uuache kivulini kwa saa 24, kisha upime tena katika saa ileile ya siku, kwa sababu baridi ya usiku pekee hushusha mshale hata kama hakuna mshono unaovuja.