Pwani ya kusini ya Kenya na watoto: Tiwi, Diani, Gazi na Wasini nilivyoziona

Nianze na jibu la wapi pa kukaa, maana najua wengine mnasoma hii huku watoto wanalilia bahari na nauli bado haijatimia. Ukiwa na mtoto mdogo, kaa Tiwi. Ukiwa na kijana anayetaka kuonekana, kaa Diani. Gazi na Wasini ni za kwenda asubuhi na kurudi jioni, ila usiziruke. Sisi tulikuwa kila aina: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 14, 9 na 4, na mama mkwe ambaye magoti yake hayataki ngazi. Kwa hiyo sehemu hizi sikuzipima kwa nyota za hoteli. Nilizipima kwa nani analala mchana na nani analalamika.

Safari yenyewe haina mengi. Treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Miritini, kituo cha Mombasa, nauli ya kawaida shilingi 1,500 tulipopanda, ya daraja la kwanza 4,500. Tuliketi pale pa 1,500 na hakuna aliyekufa. Ukishafika Miritini una njia mbili za kwenda kusini: kuingia mjini na kuvuka kwa feri ya Likoni, au kupita barabara ya Dongo Kundu na daraja la Mteza bila kugusa kisiwa cha Mombasa. Dereva wa teksi atataka Dongo Kundu, na kama mna mizigo na mtoto aliyesinzia, mwache aende. Feri tulipanda siku nyingine kwa raha zetu, tukiwa tumeshika njugu tu mkononi. Anayevuka kwa miguu halipi, na mwanangu mdogo aliiona ni nzuri kuliko hoteli yote.

Tiwi basi. Unaacha barabara ya Likoni–Ukunda, unateremka barabara ya vumbi katikati ya minazi na mihogo hadi baharini. Hapo kuna nyumba za kukodi, za makuti na za mabati, jiko lako mwenyewe, kibaraza, na bahari mbele. Maduka yako juu barabarani. Wenyeji walitushauri tusiteremke kwa miguu na mizigo, tuchukue bodaboda au tuktuk, na usiku kusiwe na matembezi. Giza la Tiwi ni giza kweli. Kama mtoto wako hawezi kuishi bila mtandao wenye kasi, jua kwamba kule ulikuwa unakuja na kuondoka kama umeme wa mgao.

Lakini asubuhi! Kabla chai haijaiva, mvuvi yuko mlangoni na baiskeli, kapu limefunikwa kwa majani ya mgomba. Changu, tafi, pweza, siku nyingine kambakoche. Mizani yake ni ile ya kuning'iniza kwa mkono.

"Mama, huyu changu bado anakuona," akaniambia, akinigeuzia jicho la samaki.

"Ananiona, lakini bei yako haijaniona," mama mkwe akadakia kutoka kibarazani.

Wakaanza kuvutana hapo, yeye akimwita "mwanangu", na yule akimwita "mamangu", mpaka bei ya kilo ikashuka na pweza mdogo akaongezwa juu. Samaki akaparuzwa magamba na kutumbuliwa pale pale bombani, paka wa jirani wakiwa wamepanga foleni. Nyumba yetu ilikuja na mpishi, mama wa Kidigo kutoka kijiji cha juu, ambaye unamlipa kwa siku. Siku hiyo alitufanyia samaki wa kupaka. Kwanza alimkalisha mtoto wangu wa miaka tisa juu ya mbuzi akune nazi mwenyewe. Tui la kwanza, lile zito, akaliweka kando. Changu akachanjwa mbavuni, akapakwa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, akaenda juu ya makaa. Tui likachemshwa na ukwaju na bizari hadi likakazana, kisha likawa linapakwa juu ya samaki kidogo kidogo akiwa bado motoni, upande huu, upande ule. Ile harufu ilimtoa hata yule wa miaka 14 chumbani, na simu akaiacha kitandani. Hoteli ya Diani ilituuzia chakula chenye jina hilo hilo, samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi. Si kitu kimoja.

Sasa jambo ambalo matangazo ya likizo hayakuambii: pwani hii ni ya maji kujaa na maji kupwa, na tofauti kati ya hayo mawili wakati wa bamvua, zile siku za maji makubwa, inapita mita tatu. Ukifika Tiwi maji yamejaa, baadhi ya sehemu huna ufuo, bahari iko kwenye ngazi za nyumba. Rudi baada ya saa sita hivi, utakuta uwanja wa miamba na vidimbwi vya maji ya uvuguvugu, shwari kwa mtoto wa miaka minne, vimejaa visamaki, kaa na viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, vya rangi nyekundu. Ndiyo sababu naipenda Tiwi kwa wadogo. Mwamba wa mbele unavunja mawimbi na vidimbwi vinabaki kama beseni. Wavishe viatu vya mpira, kwa sababu kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu, na mwiba wake ukiingia mguuni likizo imeisha.

Uliza mvuvi saa za maji, atakutajia bila kutazama popote. Kanuni niliyoshika ni hii: kila siku maji yanachelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya kuogelea ya siku ya kwanza si ya siku ya mwisho. Na siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Wiki hiyo ndiyo ya kutembea miambani asubuhi na kuogelea jioni. Mimi sasa naangalia mwezi kwanza, bei ya chumba baadaye.

Diani ni jirani tu, lakini mto Mwachema unazitenganisha, na pale mdomoni mwa mto, katikati ya mibuyu, kuna Msikiti wa Kongo, wa mawe, wa karne nyingi, na bado unaswaliwa. Tulipita kwa heshima, tumejifunga leso, na mzee mmoja aliyekuwa nje, tulipomwamkia shikamoo, akatuonyesha pa kukaa kivulini. Mama mkwe alipapenda hapo kuliko popote.

Diani yenyewe ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mchanga mweupe laini kama unga wa ngano, zaidi ya kilomita kumi ukiunganisha na ufuo jirani wa Galu, na kule Galu kuna wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Mtoto wangu mkubwa alisimama akiwatazama hadi jua likamchoma mabega. Kuna supamaketi, kliniki, uwanja wa ndege mdogo Ukunda, chakula cha kila namna. Ngamia wanapita, mtoto anapanda, unalipa. Vijana wa ufukweni watakufuata na pete za funguo zenye jina la mtoto wako. Ukiwajibu kwa Kiswahili na utani wanakuacha mapema. Ukijifanya hujawasikia watakusindikiza hadi Galu.

Hoteli tuliyofikia sitaitaja. Ilikuwa ile ya kulipia kila kitu kwa pamoja, na watoto walikula aiskrimu kama adhabu. Lakini mama mkwe alipotaka kuingiza miguu kwenye bwawa akiwa na dera lake, askari alikuja mbio: nguo za kuogelea tu. Sawa, sheria ni ya bwawa. Ila hakuna aliyetuambia tulipokuwa tunalipia watu wazima watatu bei moja, na meneja alipoitwa alitupa tabasamu na juisi. Mama alinyanyuka, akapita geti la nyuma, akaingia baharini na dera lake hadi kiunoni, ikawa kila siku alasiri yuko huko na wamama wengine wa pale. Kama unasafiri na wazazi wanaovaa kwa staha, uliza kabla hujatuma pesa.

Tena funga madirisha. Kima wa Diani wanajua mfuko wa mkate kwa mbali. Mbega hawana shida, wao wanakula majani juu, weusi na mabega meupe, na barabarani utaona ngazi za kamba zilizotundikwa ili wavuke bila kugongwa na magari wala kushika nyaya za umeme. Kazi hiyo inafanywa na Colobus Conservation tangu 1997, na unaweza kwenda kutembezwa pale kwao. Watoto walinyamaza wakisikiliza, jambo nadra.

Kaya Kinondo, karibu na Galu, si ya mtoto mdogo. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya, yaani vijiji vya kale vya Wamijikenda, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na hutoki na hata jani moja. Wangu wa miaka minne alitaka kuokota kila kitu. Tuligawana, mmoja akabaki naye nje.

Gazi ni kijiji cha wavuvi, siyo sehemu ya hoteli. Kina mama wa pale wana daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko, unalipa kiingilio kidogo na mmoja wao anakutembeza, akikuonyesha mkoko upi ni wa boriti na upi unatoa mizizi kama vidole kutoka kwenye tope. Hapo ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013: kijiji kinatunza mikoko, kinalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaifyonza, pesa zinaingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Agiza chakula mapema, wakupikie wali wa nazi. Vaa vitu vya kufunika miguu, mbu wa mikokoni hawana adabu.

Wasini ndiyo ilikuwa gharama kubwa, na ndiyo sijutii. Unakwenda Shimoni, unapanda mashua, unatoka hadi hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Kiingilio cha hifadhi unalipa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, kwa hiyo lipia ukiwa bado na mtandao. Pomboo tuliwaona. Kati ya Julai na Oktoba hata nyangumi hupita huko nje. Anayetapika baharini apewe tangawizi mapema, asingoje. Kisiwani Wasini hakuna gari hata moja, na kina mama wa huko nao wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe yaliyoachwa nchi kavu, ambapo maji ya bamvua huingia na kutoka. Mama mkwe aliimaliza yote, pole pole, magoti na yote.

Kuhusu majira: likizo ya Aprili ni masika, usijidanganye. Agosti kuna kusi, upepo baridi kidogo, na sisi tulikuta majani ya bahari yamerundikana ufuoni asubuhi, ila bei zinazungumzika. Desemba kaskazi imetulia, joto kali, na bei hazitaki mazungumzo, hasa Diani. Acheni chupa za plastiki za kutupa, zimepigwa marufuku fukweni tangu Juni 2020, mbebe zenu.

Nikienda tena ni Tiwi, mpishi yule yule akikubali. Kijana wangu anasema Diani. Ana miaka 14, na pesa si zake.