Natur, The Adept na Attrition: maoni yangu baada ya kusikiza hizi albamu nikiwa Nairobi

Hizi ni albamu tatu za Wakenya wanaofanya muziki wa kielektroniki na noizi, na nianze na Natur ya KMRU juu kwangu hiyo ndio inaongoza zote. Ilitoka 2024 kwa lebo ya Touch kule Uingereza na ni kipande kimoja tu, kinapita dakika 50, hakuna ngoma, hakuna mtu anaimba, na kama unatafuta pahali bezi itaingia ndio udansi utangoja sana. Alitumia maiki za kunasa mawimbi ya umeme, yani zile sauti vitu za stima hutoa na sikio letu haliwezi zifikia bila hicho kifaa, akazichanganya na sauti za kawaida za nje. Kuna mahali inakwaruza kama redio imetoka kwa stesheni, alafu mngurumo unaingia polepole mpaka unajaa kichwa yote, unashtukia umekaa hapo dakika kumi hujafikiria kitu ingine.

Sasa mimi naona mtu wa Nairobi anaisikia hii albamu kushinda mtu yeyote. Sisi tunajua stima ikipotea mtaani vile kunakuwa, friji inanyamaza, tivi ya jirani inanyamaza, na hapo ndio unagundua kumbe kulikuwa na kelele siku nzima, alafu ikirudi watoto wa ploti nzima wanapiga nduru na hiyo kelele inaanza tena na baada ya dakika moja hakuna anayeisikia. KMRU amechukua hiyo kitu yenyewe akaifanya muziki. Yeye amekulia hapa akahamia Berlin, na nadhani kuhama ndio kulimfungua masikio, juu ukiishi ndani ya kelele miaka yote unaizoea.

Wazee wetu nao wanajua hilo jina kwa njia ingine. KMRU ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwenyewe wa nyimbo za Kikuyu aliyeaga 2018, na mjukuu ndiye amekuwa akizitoa upya kanda za guka wake mtandaoni ndio zisipotee. Hiyo kazi pekee inastahili heshima. Na ukijua hivyo unaelewa pia kwa nini 2022 alitoa Temporary Stored, pale alichukua rekodi za zamani za Afrika zilizowekwa kwa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akazijibu na sauti zake. Mtu anayejali sauti za watu wake zimewekwa wapi na nani anazo.

The Adept ya Lord Spikeheart, pia 2024, hiyo ni dunia ingine kabisa. Huyu ndiye alikuwa anapiga mayowe kwa Duma, lile kundi la watu wawili lililotoa albamu 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na sasa ameanzisha lebo yake mwenyewe inaitwa Haekalu. Metali, noizi, trap, ngoma za kasi ya ajabu, na sauti yake inatoka chini kabisa ya tumbo. Ameifanya kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, yule mama aliyekuwa Field Marshal wa Mau Mau akaaga 2023, na ukishajua hivyo mayowe yanabadilika, inakuwa si hasira ya bure, ni mtu anabeba kitu kizito. Shida yangu ni moja: wageni ni wengi sana, kila wimbo karibu kuna mtu mpya ameitwa, na katikati hapo nikaanza kumkosa mwenyewe. Ningependa nusu saa yake peke yake. Lakini nguvu iko, tena nyingi, na sijui albamu ingine ya Mkenya iliyonishika shingo hivi.

Attrition ya Slikback, 2025, lebo ni Planet Mu. Huyu ni produsa mwingine wetu, nilimjua kutoka enzi za rekodi yake Lasakaneku ya 2018. Bezi ni nzito ajabu, kila sauti imekatwa safi, lakini mimi hunichosha nikisikiza yote mara moja, nachukua nyimbo tatu nne napumzika. Kwa spika kubwa usiku iko sawa kabisa.

Kitu ya maana, tafadhali usizisikize kwa spika ya simu. Natur kwa simu ni upepo tu, ile mingurumo ya chini inapotea yote na utasema jamaa anatudanganya. Kwa matatu pia sahau, makanga ameweka yake. Tafuta hedifoni za kufunika sikio, si lazima ziwe za bei, ukizunguka maduka ya Luthuli Avenue hapa Nairobi utapata lakini jaribu hapo hapo dukani na wimbo unaoujua kabla utoe pesa, ukisikia bezi inakoroma achana nazo.

Na mkiweza nunueni. Nilinunua kwa Bandcamp, tovuti wasanii huuzia muziki wao, na kadi ya M-Pesa GlobalPay ikakubali bila maneno, ukishadaunilodi ni yako, huchomi bando kila ukisikiza. Ukingoja zile Ijumaa wanazoita Bandcamp Friday tovuti haichukui asilimia yake, kwa hivyo pesa karibu yote inafika kwa msanii na lebo. Hawa watu wanajaza kumbi Ulaya na hapa nyumbani ukitaja jina watu wanakuangalia tu, inaniuma kusema ukweli, juu sauti yenyewe imetoka hapa.

Kama hujawahi sikiza muziki wa aina hii usiruke moja kwa moja kwa Natur. Anza na albamu ingine ya KMRU, Logue ya 2021, ni laini, kuna ndege, kuna watu wanaongea mbali, kuna melodi za kushikilia. Alafu Peel yake ya 2020. Ukipenda hiyo sasa tenga saa moja, simu kwa silent, uweke Natur.